Gari la Spoti Lisilokufilisi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Hatua kwa Hatua

Kila mwezi naletewa kilio kile kile. Kijana kanunua gari la spoti, kalifurahia wiki sita, sasa limeegeshwa chini ya mwembe nyumbani likisubiri spea. Mwingine anauza kwa hasara kwa sababu mafuta yanamaliza mshahara kabla ya tarehe kumi na tano. Nikiwauliza walichaguaje, jibu ni moja: waliangalia sura, wakasikiliza mlio wa silensa, wakauliza bei ya kununua. Gharama ya kuliendesha hawakuiuliza.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kipato cha kawaida anayeendesha kila siku Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Nairobi. Anataka gari linalokata kona vizuri na kuitika ukikanyaga mafuta, bila kukopa ili ajaze tangi. Gari hilo lipo, tena lipo zaidi ya moja. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi huanzia hatua ya sita, yaani kulikagua gari, na hapo ndipo wanapoumia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Hesabu za kichwani hupotea ukiliona gari jekundu limeng'arishwa.
- Kifaa kidogo cha OBD, cha kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu.
- Sumaku ndogo iliyozungushiwa kitambaa laini, isikwaruze rangi.
- Tochi yenye mwanga mkali. Tochi ya simu haitoshi chini ya gari.
- Tishu nyeupe, za kuangalia oili.
- Namba za simu za maduka matatu ya spea ambayo hayana uhusiano wowote na muuzaji.
- Fundi wako mwenyewe, pamoja na pesa ya kumlipa siku hiyo hiyo. Fundi anayesubiri kamisheni ya muuzaji si fundi wako.
- Akiba ya matengenezo ya mwanzo. Mimi huwaambia watu watenge angalau 10% ya bei ya gari, na pesa hiyo isiingizwe kwenye bei ya kununua hata kama gari limekupendeza kiasi gani.

## Hatua ya 1: Jua kilometa moja itakugharimu shilingi ngapi

Bei ya gari unailipa mara moja. Kilometa unazilipa kila siku. Kwa hiyo anza na kilometa.

Kwanza, andika kilometa unazoenda kwa mwezi. Mtu anayetoka Mbezi kwenda Posta na kurudi siku za kazi, akaongeza mizunguko ya wikiendi, hukaribia 1,500. Tutumie hizo.

Mafuta: ili hesabu iwe rahisi, chukua lita moja kwa shilingi 3,000. Bei halisi ya Tanzania utaipata EWURA, mamlaka ya bei za mafuta, wanaotangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya ni EPRA, tarehe 14. Gari linaloenda kilometa 12 kwa lita litatumia lita 125, sawa na shilingi 375,000 kwa mwezi. Linaloenda kilometa 7 kwa lita litatumia lita 214, karibu shilingi 643,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi 3,200,000 kwa mwaka. Hizo ni pesa za matairi mapya, shokapu, bima na chenji ikabaki.

Matairi: tuseme moja ni shilingi 250,000. Manne ni milioni moja. Yakidumu kilometa 40,000, kila kilometa inakula shilingi 25, yaani shilingi 37,500 kwa mwezi.

Bima kubwa: Tanzania kiwango cha kawaida kwa gari binafsi ni 3.5% ya thamani yake kabla ya kodi. Gari la milioni 20 linakupa 700,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 12 na uandike.

Ongeza oili na filta kila kilometa 5,000, na kiasi cha dharura. Jumlisha gharama zote za mwezi, gawanya kwa kilometa za mwezi.

Tahadhari: usitumie takwimu za mafuta zilizoandikwa kwenye tangazo. Zile za Japan hupimwa kwenye mashine, hakuna foleni ya Ubungo humo. Punguza theluthi moja ndipo uanze kuamini.

Utajua umefaulu ukiwa na namba moja tu kwenye daftari: shilingi kwa kilometa, na kikomo ambacho hutakivuka. Kikomo changu ni robo ya kipato cha mwezi kwa gharama zote za gari. Ukizidi hapo, utaanza kuahirisha sevisi, na gari la spoti lililoahirishiwa sevisi huvunjika vibaya.

## Hatua ya 2: Tafuta wepesi, usitafute nguvu

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome mara mbili.

Raha ya gari la spoti inatokana na uwiano wa uzito na nguvu. Gari zito lenye injini kubwa linafika pale pale ambapo gari jepesi lenye injini ndogo linafika, ila lile zito linalipia njiani: mafuta zaidi, breki kubwa zaidi, matairi mapana zaidi, bushi zinazokufa mapema zaidi.

Angalia mfano huu. Toyota Mark X ya cc 2,500 (GRX130, yaani mwanzo wa namba ya chasisi unaotambulisha aina ya gari) ina nguvu za farasi 203 na uzito wa takriban kilo 1,500. Kila farasi mmoja anavuta kilo 7.4. Suzuki Swift Sport ya kuanzia 2017 (ZC33S) ina farasi 140 tu, lakini yenye gia za mkono ina kilo 970. Kila farasi anavuta kilo 6.9. Gari dogo la cc 1,400 lina mzigo mwepesi kwa kila farasi kuliko sedani yenye silinda sita. Na kwenye kona za Lushoto au mteremko wa Kitonga, kilo 500 usizozibeba utazisikia kwenye usukani na kwenye breki.

Fanya hivi: kwa kila gari unalolipenda, andika uzito, gawanya kwa nguvu za farasi. Kipimo changu ni hiki:

- Uzito usizidi kilo 1,150.
- Injini kati ya cc 1,300 na 1,600.
- Kilo kwa farasi zisizidi 10.
- Linavuta matairi mawili, si manne.

Kuhusu hilo la mwisho nina ushahidi wa mfukoni mwangu. Gari langu la kwanza la spoti lilikuwa sedani ya turbo inayovuta matairi yote manne. Tairi moja likapasuka Chalinze, nikanunua moja jipya, yale matatu yalikuwa yamelika nusu. Niliambiwa haina shida. Tairi jipya lina mzunguko mkubwa kuliko lililolika, kwa hiyo ile difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, ilikuwa inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Baada ya miezi michache ikaanza kuvuma, kisha ikawa inakwama nikikata kona polepole kwenye maegesho. Bei ya kuibadilisha ilizidi ya matairi manne mapya. Tangu siku hiyo, kwa matumizi ya mjini, simshauri mtu wa kipato cha kawaida anunue gari la kuvuta manne.

Utajua umefaulu orodha yako ikipungua yenyewe. Kama bado una magari kumi, hujagawanya.

## Hatua ya 3: Tengeneza orodha fupi

Haya ndiyo magari ninayoyarudia kila nikiulizwa, kwa mpangilio wa unafuu wa kuyaendesha.

### Toyota Vitz RS (NCP131)

Injini ni 1NZ-FE ya cc 1,496, farasi 109, ipo kwenye kizazi kilichoanza mwishoni mwa 2010. Hii ni injini ile ile ya Probox, IST, Raum na Fielder. Maana yake kila gereji ya Afrika Mashariki ina fundi aliyeifungua, na spea zake unazipata hadi kwenye miji midogo. Ina cheni ya taimingi, haina mkanda wa kubadilisha. Kwa kasi ya kunyooka si kali. Kwenye kona ni ya kweli, hasa yenye gia tano za mkono. Kwa mtu anayenunua gari lake la kwanza la spoti, mimi huanzia hapa.

### Honda Fit RS (GE8, kisha GK5)

GE8 ina farasi 120 na gari lote lina kilo 1,060 hivi. GK5 iliyofuata 2013 ina farasi 132 na gia sita za mkono. Siti za nyuma zinakunjwa, unabeba friji. Angalizo: injini ya GK5 inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na pampu pamoja na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu. Ukiishi sehemu ambako petroli yenye maji si habari mpya, chukua GE8.

Fit Hybrid ya kizazi hicho cha 2013 (GP5) iache. Giaboksi yake ya klachi mbili iliitwa kiwandani mara kadhaa Japan kwa marekebisho, na huku mafundi wanaoielewa ni wa kuhesabu.

### Suzuki Swift Sport (ZC31S, ZC32S, ZC33S)

Hili ndilo gari la spoti hasa kati ya yote niliyoyataja. ZC31S (2005 hadi 2010) na ZC32S (kuanzia 2011) zina injini ya M16A ya cc 1,600 isiyo na turbo, farasi 125 na 136. ZC33S ina turbo ya cc 1,400.

Mambo mawili uyajue. Kwanza, zote tatu Japan zimeandikiwa petroli ya oktani ya juu. Petroli ya kawaida ya Japan huanzia oktani 89, ile ya juu huanzia 96. Ukiiwekea petroli hafifu, kompyuta ya injini hujilinda kwa kuchelewesha cheche: nguvu inashuka na mafuta yanaliwa zaidi. Vitz RS na Fit RS zimeandikiwa petroli ya kawaida, na hii ni sababu nyingine ya kuwekwa juu kwenye orodha. Pili, si kila spea ya Swift ya kawaida inaingia kwenye Sport. Tutalirudia hili.

### Mazda Demio Sport (DE5FS)

Cc 1,500, farasi 113, nyepesi mno. Usukani wake ni mtamu kuliko bei yake. Bodi za kubadilisha, yaani taa na bampa za Sport, ndizo zinazosumbua kupatikana.

### Yale ya kuyaacha, japo yanavutia

Subaru yenye turbo ya EJ20: injini tamu, na Kenya ina mafundi wake wengi wazuri. Lakini mjini inabugia mafuta, mkanda wa taimingi una tarehe yake, na plagi zimejificha pembeni kiasi kwamba kazi ya dakika ishirini inakuwa ya nusu siku.

Volkswagen Golf GTI: gari zuri sana kwa mwenye fundi maalumu na pesa ya kubadilisha oili na filta ya giaboksi ya DSG (otomatiki yenye klachi mbili) kila kilometa 60,000. Tatizo ni kwamba wengi tunalinunua kwa mtu aliyeruka sevisi hiyo.

Mazda RX-8: usidanganywe na cc 1,308 zilizoandikwa kwenye kadi. Ni injini ya rota, imeundwa kuchoma oili kidogo kidogo, na inakunywa petroli kama gari la cc 3,000.

Kuhusu gia: chukua za mkono ukiweza. CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, ikitunzwa haina ubaya, lakini ikishafanyiwa sevisi kwa hydroliki isiyo yake, imekwisha, na huwezi kujua mmiliki aliyepita aliweka nini. Klachi ikiisha inabadilishwa. CVT ikiisha unatafuta giaboksi nzima.

Utajua umefaulu ukibaki na magari mawili, ukijua mwanzo wa namba ya chasisi ya kila moja (kama ZC33S) kwa kichwa.

## Hatua ya 4: Piga simu za spea kabla ya kuliona gari

Hatua hii haina mvuto na ndiyo inayookoa watu. Piga simu Kariakoo au Ilala. Nairobi, Grogan kwenye barabara ya Kirinyaga. Taja huo mwanzo wa namba ya chasisi, usitaje jina la gari. Ukisema "Swift" utapewa bei ya Swift ya kawaida, ZC72S, kisha siku ya kufunga unaambiwa haiingii.

Uliza bei na upatikanaji wa vitu hivi:

- pedi na diski za breki za mbele
- klachi seti nzima
- shokapu mbili za mbele
- bushi za arm
- engine mauntini
- koili moja ya plagi
- taa ya mbele na bampa ya mbele
- matairi ya saizi yake

Shokapu na bampa ndizo zinazotofautiana zaidi kati ya gari la kawaida na la Sport. Dereva wa bodaboda akigusa bampa yako, utahitaji ile yenye umbo la Sport, si nyingine.

Matairi yanahitaji maelezo. ZC32S na ZC33S hutoka na 195/45R17. Hapo ukuta wa tairi ni milimita 88 tu. Shimo moja baya baada ya mvua za masika na rimu imepinda. Vitz RS inatumia 195/50R16, ukuta milimita 97.5. Fit RS ni 185/55R16, ukuta milimita 102. Milimita hizo 14 za tofauti ndizo zinazonyonya kishindo badala ya rimu. Ukinunua Swift, unaweza kuweka rimu za inchi 16 na matairi ya 195/50: kipenyo chote kinabadilika kwa chini ya 1%, spidomita haidanganyi. Jaribu kwanza rimu moja ya mbele uone kama inapita vizuri kwenye breki kabla ya kulipia zote.

Tahadhari: duka likijibu "hiyo mpaka tuagize" kwa vitu vitatu au zaidi, futa gari hilo kwenye daftari. Kila wiki ya kusubiri spea ni wiki ya kulipa bajaji.

## Hatua ya 5: Amua kuagiza au kununua lililopo

Ukiagiza Japan, umri wa gari ndio unaopandisha kodi kuliko unavyodhani. Tanzania, kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari la cc 1,001 hadi 2,000 hulipa ushuru wa bidhaa 5%, na juu ya cc 2,000 ni 10%. Juu ya hapo gari lililovuka miaka 8 huongezewa 15%, na lililovuka miaka 10 huongezewa 30%. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mtandaoni kabla ya kutuma hata dola moja, kwa kuwa bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango.

Kenya hakuna mjadala: gari lililovuka miaka 8 haliingii. Ushuru wa bidhaa nao unapanda ukivuka cc 1,500, kwa hiyo Vitz RS, Fit RS na ZC33S zinakaa kundi nafuu, lakini injini ya 1,600 haikai.

Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa mnada wa Japan, ya gari unaloagiza. Daraja la 4 na kuendelea ni salama, 3.5 ni ya kuangalia kwa makini. Ukiona R au RA, gari lilipata ajali na kurekebishwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilometa za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi gari likishuka bandarini.

Ukinunua la hapa, ione kadi halisi. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, na namba ya chasisi ya kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye chuma. Hapo hapo utagundua Sport bandia: nembo na bampa za Swift Sport huuzwa, lakini chasisi ikianza na ZC72S hilo ni gari la cc 1,200 lililovalishwa. Fit ikianza na GE6 ni ya cc 1,300.

## Hatua ya 6: Likague likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na uwahi asubuhi. Ukifika, kitu cha kwanza weka kiganja juu ya boneti.

Niliwahi kumsindikiza mdogo wangu kuangalia Swift Sport huko Tabata. Rangi ilikuwa safi, ndani kunanukia shampuu ya zulia. Boneti ikawa ya moto. Tukaaga kwa adabu, tukarudi kesho yake saa moja asubuhi bila kupiga simu. Injini ilipowashwa ikiwa baridi, kwa sekunde tatu au nne tulisikia mlio kama wa vijiko ndani ya sufuria upande wa taimingi, kisha ukanyamaza. Dogo akachomoa stiki ya oili na kuifuta kwa tishu: oili nyeusi, nzito, haijafika hata alama ya chini. Cheni ilikuwa imelegea kwa kukosa oili. Ikishapata moto hakuna anayesikia kitu, na ndiyo maana jana yake liliwashwa mapema.

Kwa hiyo, kwa mpangilio:

Oili na maji. Chomoa stiki, futa kwenye tishu. Fungua kifuniko cha oili uangalie ndani: utando mzito mweusi ni sevisi zilizorukwa, ute wa rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia. Fungua rejeta (injini ikiwa baridi tu, tafadhali, nimeona mtu ameungua uso). Kuwe na kupulenti (maji maalumu ya kupoza injini) yenye rangi, si maji ya bomba yenye kutu.

Bodi. Pitisha sumaku kwenye milango, makalio ya nyuma na kingo za bodi zinazozunguka matairi. Pale inapokataa kushika chuma pana puti chini ya rangi. Inua zulia la buti, angalia maungio ya chuma: ya kiwandani yamenyooka, ya gereji yana mawimbi.

Matairi. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ukuta: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likilika upande mmoja tu, uliza kwa nini, kisha kaangalie chini mwenyewe na tochi.

Kompyuta. Chomeka OBD. Usiridhike na "hakuna makosa". Ingia sehemu inayoonyesha majaribio ya mfumo. Kama mengi hayajakamilika, yaelekea kuna mtu amefuta makosa juzi au jana ili taa ya injini izime. Uliza ni kosa gani lilifutwa. Jibu la kusitasita linatosha kukurudisha nyumbani.

Utajua umefaulu ukimaliza haya yote bila kuliendesha hata mita moja, na ukurasa wako umejaa.

## Hatua ya 7: Liendeshe kama linavyoendeshwa kweli

Usizunguke mtaa mmoja ukarudi. Omba dakika thelathini, upite matuta, lami nzuri na foleni kidogo. Zima redio.

Klachi: ukiwa kilometa 40 kwa saa weka gia ya nne, kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho. Mshale wa mizunguko ukipanda lakini gari haliongezi kasi, klachi inateleza.

Giaboksi: ingiza kutoka ya pili kwenda ya tatu kwa haraka injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, kisha rudi kutoka ya tatu kwenda ya pili. Mkwaruzo wa chuma ni gari lililofundishiwa mbio. Giaboksi za spoti hufa kwenye gia hizi mbili kwanza.

Moshi: kwenye mteremko achia mafuta sekunde kumi, kisha kanyaga ghafla huku ukiangalia kioo cha nyuma. Wingu la bluu ni oili inayoungua.

Kwenye maegesho, kata usukani mpaka mwisho na uzunguke polepole. Mlio wa ka-ka-ka ni joint ya ekseli. Kwenye tuta, mgongano mkavu ni shokapu au bushi. Kwa ZC33S ongeza hili: baada ya kuiendesha, acha iungurume dakika mbili, kisha piga mafuta uangalie silensa. Moshi hapo ni wa turbo.

Tahadhari: gari lililoshushwa kwa springi fupi, lililofunguliwa silensa au kuongezewa presha ya turbo, liache, hata likiwa rahisi. Hulipii mapambo hayo. Unalipia alivyoliendesha aliyeyaweka.

## Hatua ya 8: Kilometa 1,000 za kwanza

Ulilonunua, lichukulie kama halijawahi kufanyiwa sevisi. Badilisha oili ya injini na filta, filta ya hewa, plagi, kupulenti, oili ya breki na oili ya giaboksi. Zote siku moja, na uandike kilometa kwenye daftari. Kwa turbo, oili isivuke kilometa 5,000 tena. Fanya alaimenti. Upepo wa matairi ufuate stika iliyo pembeni ya mlango wa dereva.

Halafu pima mafuta kwa njia ya kweli. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, sifurisha kilometa, endesha wiki nzima maisha yako ya kawaida, rudi kituo kile kile na pampu ile ile, jaza tena mpaka ijikate. Kilometa gawanya kwa lita ulizoongeza. Rudia mara tatu, kwa sababu mara moja huweza kudanganya.

Kwa magari manne niliyoyapendekeza, mjini tarajia kati ya kilometa 10 na 14 kwa lita kulingana na foleni na mguu wako. Ukipata chini ya 10 na mguu wako ni wa kistaarabu, tafuta sababu kwa mpangilio huu: upepo wa matairi, themostati iliyokwama wazi (mshale wa joto hauinuki vizuri asubuhi), sensa ya oksijeni, na breki inayoshika. Hiyo ya mwisho utaijua bila fundi. Endesha kilometa kumi ukitumia breki kidogo, simama mahali salama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ile inayotoa joto kuliko wenzake ndiyo yenye kalipa (kibanio cha pedi za breki) iliyokwama.